Swali la "Umepoa?"

Rafiki yangu alikuwa mkunga kwa miaka 17 katika hospitali moja ya Pemba, na mpaka leo, miaka kadhaa baada ya kuacha kazi, hakuna mtu wa shehia yetu anayemwita kwa jina lake. Wakubwa humwita Mkunga, watoto humwita Bi Mkunga, na mimi niliyesoma naye tangu skuli ya msingi humwita shoga, isipokuwa siku tukigombana. Jina lake silitaji humu kwa sababu ameniomba nisilitaje. Kuisimulia habari yenyewe ameniruhusu, kwa sharti kwamba makosa yangu niyaseme kabla ya yake.

Kilichomtoa kazini ni mgongo. Ulimshika usiku mmoja wa Oktoba 2017, katika zamu ambayo walikuwa wakunga wawili kwa wodi nzima ya wazazi, walipomnyanyua mzazi kutoka kitanda cha kujifungulia ili wamlaze kwenye kitanda cha magurudumu. Mwenzake aliteleza, uzito wote ukamwelemea yeye, na akahisi kitu kimefyatuka chini ya kiuno. Zamu aliimaliza. Asubuhi alipanda daladala akasimama njia nzima, amekamata chuma, maana kukaa hakukuwezekana, na alipofika nyumbani akanipigia simu kuniambia kwamba kiuno kimemshika kidogo na Jumatatu atakuwa mzima.

Ningedanganya nikisema kwamba usiku ule peke yake ndio uliomwumiza. Kazi ya ukunga ni kazi ya kuinama. Kile kipembe cha kusikilizia moyo wa mtoto hakisemi kitu mpaka mkunga akunjike juu ya tumbo la mama, sikio moja juu ya kipembe, vidole vya mkono mmoja vikiwa kwenye mpigo wa mama mwenyewe ili mioyo miwili isichanganywe, na abaki hivyo hivyo dakika nzima akihesabu. Zidisha dakika hiyo kwa wazazi wa zamu moja, kisha kwa miaka 17, uongeze kunyanyua, kugeuza na kusukuma. Wauguzi wanaumwa migongo ulimwenguni kote, na hilo si siri, lakini yeye alikuwa akilisema kama habari ya watu wengine.

Miezi miwili ya mwanzo nyumba yake haikukosa watu. Walikuja na uji, na machungwa, na nasaha, na kila aliyeingia aliuliza swali moja: "Umepoa?" Kwetu swali hilo lina jibu moja tu la adabu, nalo ni "Alhamdulillahi, si haba," na yeye alilitoa mara kumi kwa siku huku vidole vya mguu wa kushoto vimekufa ganzi na ukingo wa kitanda ameukamata chini ya shuka. Mwezi wa tatu wageni wakapungua. Mwezi wa sita nilikuwa nimebaki mimi, mamake na mumewe, na sisi watatu tulikuwa bado tunauliza "umepoa?" kila asubuhi, kwa mapenzi, bila ya kujua kwamba tunamtoza jibu asilokuwa nalo.

Kosa langu kubwa lilikuwa kutafuta dawa. Nasema kosa, ingawa mtu asiyemtafutia rafiki yake dawa tungemwita nini? Katika mwezi mmoja nilimpeleka kwa mkandaji, kwa mtu wa kuumika, kwa shehe mmoja aliyemwandikia kombe la zafarani, na kwa bibi mmoja aliyeapa kwamba ule ni mkono wa mtu na husda za kazini. Tulimpaka mafuta ya makonyo, yale ya vikonyo vya karafuu, mpaka nyumba nzima ikanukia kiwanda. Mafuta hayo hutia ganzi kwa ile yujenoli iliyomo ndani yake, ndiyo maana watu huyatia kwenye jino bovu, lakini jino liko karibu, ilhali mzizi wa mshipa wa mgongo uko ndani kabisa. Yeye aliyajua haya yote kuliko mimi. Aliniacha nimpeleke kwa sababu, kama alivyokuja kunieleza baadaye, aliona mimi ndiye ninayehitaji kwenda.

Na kila tulipotoka mahali, hata hatujafika barabarani, nilimwuliza kama amepata nafuu. Alisema ndiyo. Siku ya pili maumivu yakirudi ilikuwa kana kwamba yeye ndiye aliyeiharibu dawa yangu. Nilifika hata kumwambia, Mungu anisamehe, kwamba pengine hatii nia.

Wakati wote huo alikuwa akijichoma sindano za diklofenaki, yeye ambaye alikuwa akiwakataza wazazi wasizinunue ovyo kwa sababu hutoboa tumbo na kuharibu figo. Tumbo likaanza kumwaka moto kweli, akaziacha.

Mwaka 2018 tulisafiri. Tulipandia meli Mkoani katikati ya msimu wa upepo wa kusi, wakati ambao mtu wa Pemba akiweza huahirisha safari. Kiti hakikumfaa hata kwa robo saa. Nilitandika kanga mbili sakafuni baina ya mizigo ya watu, akalala ubavu, na kila wimbi lilipoipiga meli alishika kifundo cha mguu wangu badala ya kupiga kelele. Abiria mmoja, mwanamke wa makamo, alituuliza kama bibi huyu ana mimba. Rafiki yangu akacheka, na hicho ndicho kicheko cha mwisho ninachokikumbuka katika mwaka ule. Tulifika Unguja, tukavuka mpaka Dar es Salaam kwa kipimo cha MRI, na picha ilipotoka ilionyesha diski mbili za baina ya pingili za mgongo zimetokeza. Nilifurahi! Nilidhani sasa tumempata mwizi, na kilichobaki ni kumkamata.

Daktari wa mifupa alikuwa mtu mzima wa maneno machache. Alieleza kwamba watu wengi wasioumwa hata kidogo, wakipigwa picha hiyo, huonekana na diski zilizotokeza vilevile, kwamba picha haipimi maumivu, na kwamba kwa hali ya rafiki yangu kisu hakiahidi kitu. Mimi nilitoka nikisema ametunyima haki yetu. Yeye alitoka kimya. Bandarini akaniambia, "Shoga, yule ndiye mtu wa kwanza aliyeniambia ukweli tangu Oktoba."

Aliyetufungulia mlango zaidi alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, baada ya kurudi. Alituuliza kama tuna shamba la mikarafuu. Kisha akasema: tuseme shamba lako limeibiwa usiku mmoja, ukaweka mlinzi, na mlinzi huyo kwa woga akawa anapiga ukelele kwa mwizi, na kwa komba, na kwa jani likianguka. Shamba halina mwizi tena, lakini usingizi huna, na ukelele wenyewe ni wa kweli, unausikia. Mishipa ya fahamu ikishaumizwa na kukesha muda mrefu huweza kuwa mlinzi wa namna hiyo. Maumivu yanayodumu au kurejearejea kwa zaidi ya miezi mitatu huitwa maumivu sugu, na katika orodha ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 yamepewa nafasi yake yenyewe, badala ya kuhesabiwa tu kama dalili ya kitu kingine. Rafiki yangu aliposoma habari hiyo, miaka minne baada ya kuanza kuumwa, aliikariri kwa sauti kwa mumewe, polepole, kama mtu anayesomewa hukumu ya kuachiwa huru.

Akaandikiwa amitriptilini, kwa kipimo kidogo, ya kumeza usiku. Ndugu wa mumewe akasikia dukani kwamba hiyo ni dawa ya wagonjwa wa akili, na habari ikafika kisimani kabla yetu. Ni kweli kwamba ilianza kama dawa ya huzuni, na ni kweli pia kwamba kwa kipimo kidogo hutumika kutuliza mishipa, inachukua wiki kadhaa kufanya kazi, na hukausha mdomo na kuleta usingizi mzito wa asubuhi. Hapa kwa mara ya kwanza nilifanya jambo la maana: nilikwenda kwa shemeji yule, nikakaa barazani kwake, nikamweleza mara mbili. Kuwajibu watu ni kazi inayomchosha mgonjwa kuliko kufua, na rafiki anaweza kumpunguzia.

Kazini mambo yalikwenda vibaya, na hapo nitapita haraka kwa sababu hapana la kujifunza isipokuwa uchungu. Walimpa kazi nyepesi, kukaa chumba cha kadi za wagonjwa, na hakuna aliyetaka kuelewa kwamba kwa mgongo wake kukaa saa nane kulikuwa kubaya kuliko kusimama. Akiinuka kujinyoosha huambiwa anazurura. Mkuu wake mmoja alisema mbele ya watu kwamba mgonjwa gani huyu anayepaka wanja. Mwanamke yule alikuwa akipaka wanja ili asionekane mgonjwa, na wanja huo huo ukawa ushahidi dhidi yake. Bodi ya madaktari ilimtazama mara mbili, na mwaka 2020 akastaafishwa kwa sababu ya afya, akiwa na umri wa miaka 41.

Wiki mbili baadaye alinipa saa yake. Ni ile saa ya muuguzi inayobandikwa kifuani kwa pini, inayoning'inia kichwa chini ili anayeivaa aisome kwa kutupa jicho tu, mikono yake miwili ikiwa na shughuli nyingine. Kioo chake kina mkwaruzo kwenye tisa. Alijua kwamba ninakwenda Chake Chake kufuata mshahara, akaniomba niipitishe kwa fundi saa itiwe betri. Nikamwambia, na nilisema kwa upole kabisa: "Ya nini tena, shoga? Si umeshastaafu?"

Hakujibu. Alinyoosha mkono, akaichukua saa, akaifunga kwenye ncha ya leso na kupiga fundo. Siku tisa hakupokea simu yangu.

Siku ya kumi nilikwenda bila kuitwa, nikakaa kwenye mkeka karibu na godoro lake, na sikusema kitu kwa sababu sikuwa nacho. Akaanza yeye. "Mumenipa pole ya mgongo miaka mitatu," akasema. "Ya kazi hamjanipa hata siku moja." Nilitaka kumkatiza, nikajizuia. Akaendelea kwamba mtu akifiwa watu huja, hukaa, husoma hitima, humtaja marehemu kwa mema yake, na siku zake zikisha huondoka. Lakini kazi yake imekufa na hakuna aliyekuja. Wote wanamwambia ashukuru amepata mafao na sasa atapumzika. "Nipumzike na nini? Kile ndicho kilichokuwa kikinipumzisha."

Basi nilimwomba anisimulie. Alinisimulia kuanzia alasiri mpaka adhana ya magharibi. Mtoto wa kwanza kumpokea peke yake, ambaye sasa ni barobaro anauza urojo na hajui kitu. Usiku umeme ulipozimika akashika tochi ya simu kwa meno, mate yakimtiririka kidevuni, mpaka kondo likatoka zima. Mama aliyemtukana matusi yote ya Pemba kisha akamwita mwanawe kwa jina la mkunga. Na wale wawili ambao hakuweza kuwaokoa, akawataja pamoja na mitaa yao. Nilikuwa nimemjua mwanamke huyu miaka 30 na hata robo ya hayo sikuwahi kuyasikia, kwa kuwa nilikuwa nikimwuliza habari za kiuno tu. Saa niliichukua siku ya pili, nikaenda nayo Chake Chake kwa safari yake maalumu.

Sikuwa mwema tangu siku ile, asidhani mtu. Tuko pamoja kwenye upatu wa wanawake 12, na aliposhindwa kulipa miezi miwili nilimlipia kimya kimya, nikamwomba mtunza fedha asiseme. Akasema. Rafiki yangu alikasirika kuliko siku ya saa: alikuwa na mpango wake, alitaka kubadilishana zamu na mwenzake ili apokee mapema, na mimi nilikuwa nimemfanya maskini mbele ya watu bila ya kumshauri. Tangu hapo nauliza kwanza, na nauliza jambo lenye mpaka: "Ijumaa nina nafasi asubuhi, nikakuchukulie dawa au nikakae foleni ya benki?" Zamani nilikuwa nikisema "ukitaka chochote niambie," maneno yanayomwachia mgonjwa kazi ya kufikiri, kuomba na kuona haya, yote peke yake.

Ipo pia habari ya wiki tatu za mtihani wa skuli, nilipojitia shughuli kuliko nilizokuwa nazo kweli. Nilichoka. Nilichoka na maumivu yasiyokuwa yangu, nikaona raha kutoyasikia, kisha nikaona aibu kwa ile raha. Nilipomweleza alisema hata yeye angejikimbia kama angeweza. Siku hizi ninapochoka ninasema nimechoka, na nataja siku nitakayorudi.

Jambo lililomwumiza kwa namna yake ni kiti. Tulikuwa kwenye maulidi ya jirani, wakati wa sala ukaingia, naye akasali juu ya kiti. Nikasikia nyuma yangu sauti ikisema kwamba kijana mzima kama huyu, na juzi alionekana sokoni akitembea. Dini imelimaliza jambo hili tangu zamani kwa Imran bin Huswain, aliyekuwa na ugonjwa wa bawasiri, akaambiwa na Mtume asali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu, wala hakuambiwa atangaze sababu kwa majirani. Aliyemjibu yule mwanamke alikuwa mama mzee mmoja ambaye hatukumdhania: "Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mwache." Nyumba ikanyamaza.

Na kweli juzi alikuwa sokoni. Hilo ndilo lililokuwa likinichanganya hata mimi, kwamba leo anatembea na kesho hawezi kujigeuza. Mtaalamu wa mazoezi alilieleza vizuri: siku njema ndiyo ya hatari. Akiamka mwepesi alikuwa akifua nguo zote, akapika, akaenda na hitima, kisha akalipa kwa siku tatu za kulala. Ikabidi ajifunze kupima, afanye kiasi kile kile siku njema na siku mbaya: kutembea mpaka kwenye mwembe na kurudi, si zaidi, hata akijisikia angefika bandarini, baada ya wiki mbili mpaka dukani. Kusimama jikoni dakika 12, kisha kulala chali, kisha 12 nyingine. Dakika hizo anazihesabu kwa ile saa, aliyoibandika kifuani juu ya kanga.

"Umepoa?" nimeiacha. Mtaalamu alitaka ampe namba ya maumivu yake kutoka sifuri hadi kumi, naye akakataa katakata, akasema alikuwa akiwauliza wazazi namba hiyo hiyo na kuiandika bila ya kujua alichokuwa anakiandika. Yeye ni mtoto wa nahodha, basi asubuhi hunitumia ujumbe wa neno moja. "Shwari" maana yake njoo tuzungumze. "Kusi" maana yake usije, au njoo ukae kimya, nami nimeshajua lipi kati ya hayo kwa saa aliyoutuma. Wakati mwingine "maleleji," upepo wa kati usiojua uendako, na hapo naenda bila kutarajia lolote.

Msimu uliopita wa karafuu alituma "maleleji." Nilimkuta uani amelala ubavu kwenye jamvi, mto baina ya magoti, anachambua karafuu kwa mkono mmoja, vikonyo upande huu na karafuu upande ule, saa mbele yake juu ya tofali. Tulikuwa tukimsema vibaya mtu tunayemjua wote wawili wakati mtoto wa jirani, mwenye mimba ya kwanza, alipoingia kuomba mkaa. Rafiki yangu akamtazama miguu, kisha mikono, kisha uso.

"Umevimba hivi tangu lini?"

"Tangu juzi, Bi Mkunga."

"Kichwa je? Na macho, unaona vimulimuli?"

Binti akasema kichwa kinamwuma tangu alfajiri. Rafiki yangu hakupandisha sauti. Alimwambia aketi pale pale, akaniambia nikamwite mamake, na mama alipofika akamwambia waende hospitali sasa hivi, wasingoje kesho, na wakifika waseme kwamba apimwe presha na mkojo kabla ya kitu kingine chochote. Nilitoka kusimamisha gari. Niliporudi alikuwa ameigeuza saa uso chini. Dakika zake zilikuwa zimepita mno, na mguu wa kushoto ulikuwa ukimtetemeka. Akajilaza chali, akafumba macho, akanyanyua kidole kuniashiria nisiseme pole, kisha akakielekeza kwenye karafuu. Ilikuwa imebaki kama pishi moja na nusu. Nikaketi kuchambua.